Ndago Haifi kwa Jembe: Hotuba kwa Wenye Bustani za Nyumbani, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu shikamooni, kina mama na kina baba, na vijana mliokuja na majembe kabisa kana kwamba leo tunalima: habari za asubuhi.

Kila tunapokaa na wenye bustani za nyumbani, swali linalotangulia ni "dawa gani?" Dawa tutaifikia na vipimo vyake tutavitaja. Ila tunaomba isubiri, kwa sababu wengi wenu mmeshapulizia, mmeshalima, mmeshamlipa kijana alime tena, na gugu bado lipo. Halikuwashinda kwa kukosa dawa kali. Limewashinda kwa sababu mmekuwa mkipambana na majani, wakati gugu lenyewe liko chini ya udongo na huko chini lina akiba ya chakula. Kulifyeka ni sawa na kufuta namba ya simu ya mtu anayekudai: simu haiiti, lakini deni liko palepale.

Kwa hiyo leo tunazungumzia hiyo akiba. Itatolewaje, na ile isiyotoka itamalizwaje.

Tuyaweke kando kwanza magugu yanayorudi kwa mbegu tu, kama mchicha pori, kishona nguo na mziwaziwa. Yanachosha, lakini hayamshindi mtu. Yang'oe kabla hayajatoa maua, funika udongo kwa matandazo ya sentimita 7 hadi 10, na msimu unaofuata yatakuwa yamepungua. Tatizo ni yale yanayorudi kwa kipande: kipande cha mzizi, kipande cha shina, au kijiazi kidogo kilichobaki.

Huwa kunazuka ubishi kuhusu lipi ni gugu vamizi kutoka nje na lipi ni la kwetu. Ule mtambaazi wenye maua ya pinki unaopendwa kufunika kuta za nyumba asili yake ni Mexico. Ukoka ni wa Afrika hii hii. Kwa mkaguzi wa mimea mpakani tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mwenye bustani ya mita 5 kwa 5 haibadilishi kitu. Kinachobadilisha ni namna mmea unavyojificha chini.

Tuanze na ndago, na tutakaa hapo kwa muda, maana ndiyo iliyowajaza hapa.

Hakikisheni kwanza kwamba mliyonayo ni ndago kweli. Shikeni shina la ua lake mlizungushe kati ya vidole: lina pembe tatu, halizunguki laini kama nyasi. Majani hutoka katika safu tatu, yanang'aa, na ua lake ni la hudhurungi inayoelekea zambarau. Fukua taratibu na utakuta kijiazi cheusi chenye manyoya, ukubwa wake kati ya punje ya mahindi na karanga nene, kikiwa kimeunganishwa kwa uzi mgumu na kijiazi kingine, na kingine tena. Vingi viko katika sentimita 15 za juu, lakini kwenye mchanga wetu wa pwani vingine hushuka hadi 30, na zaidi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo jembe linapotuponza. Kila kijiazi kina macho kadhaa. Katika mnyororo mmoja, jicho lililochipua juu huyazuia mengine yasichipue, yanalala. Ukipiga jembe ukakata mnyororo, kizuizi kimeondoka na kila kijiazi kinaamka kivyake. Ndiyo maana mtu analima Jumamosi, bustani inapendeza, na baada ya wiki mbili ndago ni nyingi kuliko alizokuwa nazo. Hakurogwa. Alizipanda upya kwa mkono wake. Kijiazi kimoja kikiachiwa nafasi, maji na jua kinaweza kuzaa makumi ya vijiazi ndani ya miezi mitatu.

Lakini ndago ina udhaifu mkubwa. Chipukizi la kwanza hula zaidi ya nusu ya akiba ya kijiazi kilicholizaa, na likiondolewa, la pili hula sehemu kubwa ya kilichobaki. Mpaka chipukizi lifikishe majani matano au sita, linatumia tu, halijarejesha kitu. Likivuka hapo linaanza kupeleka chakula chini na kutengeneza vijiazi vipya. Kwa joto la Dar es Salaam, kutoka kuchomoza hadi hatua hiyo ni kama wiki tatu, na kuendelea. Hesabu inajileta yenyewe: ukiondoa machipukizi kila baada ya wiki mbili bila kukosa, kijiazi kinatoa na hakipokei. Ukiruka mara moja, wiki mbili zikawa tano, umekirudishia yote. Wengi hufeli hapa, na si kwa uvivu. Hufeli kwa sababu baada ya raundi ya tatu bustani inaonekana safi, mtu anasafiri kwenda kwenye msiba au harusi, na akirudi ndago zimeshatoa maua.

Mwezi huu wa Januari ndio mzuri kuliko yote kwa kazi ya kwanza. Vuli imepita, masika yataanza Machi, udongo ni mkavu na jua la kaskazi ni kali. Fanyeni hivi.

Pimeni kipande kidogo, tuseme tuta la mita 1.2 kwa mita 5. Msianze na uwanja mzima. Bustani iliyosafishwa nusunusu kote ina hali mbaya kuliko tuta moja lililosafishwa sawasawa. Tumieni uma wa bustani wenye meno manne, si jembe. Uchomekeni wima hadi sentimita 30, uinueni udongo kwa bonge, uvunjeni kwa mkono, na mfuate uzi mpaka mwisho wake bila kuuvuta kwa nguvu. Halafu pitisheni udongo kwenye wavu wa matundu ya robo inchi, kama ule mafundi wanaochekechea mchanga wa lipu. Wavu wa nusu inchi ni wepesi kufanyia kazi, lakini vijiazi vidogo vinapita na mtarudi palepale. Watu wawili wakifanya kwa utulivu, tuta hilo linakula nusu siku. Wenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni hamtaweza kuchekecha. Ninyi inueni mabonge myaache juani siku tatu nne yapasuke, kisha myachambue kwa mkono.

Neno moja kuhusu vibarua. Kijana akilipwa kwa eneo, faida yake ni eneo lionekane safi jioni ile. Atapiga jembe, na hana kosa, mmemlipia hilo. Mlipeni kwa kila ndoo ndogo ya vijiazi anayoijaza. Mtaona namna mkono unavyobadilika. (Na mkague asivilete kutoka kwa jirani.)

Vijiazi vilivyotoka msivitupe kwenye shimo la mboji. Rundo la nyumbani kwa kawaida halipati joto la kutosha, na ndago hutoka humo ikiwa na afya kuliko ilivyoingia. Wala msivizamishe kwenye ndoo ya maji mkadhani vitaoza. Hulala kwa muda mrefu ndani ya maji na kuamka vikirudi kwenye udongo. Kinachoviua ni kukauka. Vitandazeni juu ya bati, tabaka moja, juani, wiki mbili za ukame kama huu, mvua ikitishia mviingize ndani. Visinyae mpaka vikwaruze kama kokoto. Kisha vichomeni jikoni. Mkitaka kujua kama vimekufa, chukueni kumi mvifukie kwenye kopo la mchanga wenye unyevu, mliweke kivulini wiki tatu. Kisipochipua hata kimoja, mmemaliza.

Baada ya kuchambua, wapo wanaopenda kufunika tuta kwa nailoni ili jua liliokee. Inafaa, kwa masharti. Nailoni iwe nyeupe inayopitisha mwanga, si nyeusi. Udongo usawazishwe, umwagiliwe hadi unyevu ufike sentimita 30, nailoni ivutwe ikamate udongo, na kingo zizikwe kwenye mtaro wa sentimita 15 pande zote. Iachwe wiki nne hadi sita katika Januari na Februari. Juni na Julai, kusi likivuma na kukiwa na mawingu, mtapoteza nailoni tu. Na mjue mipaka yake: joto huua mbegu na vijiazi vya juu, lakini vilivyo kwenye kina cha zaidi ya sentimita 10 au 15 vingi hupona. Nailoni nyeusi nyembamba ni hasara zaidi, maana ncha ya ndago ni kama sindano na itaitoboa.

Masika yakianza, silaha inabadilika. Ndago ni mmea wa jua. Kivuli hakiiui haraka, lakini huifanya izae vijiazi vichache sana. Hapa kina mama wa matembele mna faida kubwa. Pandeni marando sentimita 20 hadi 25 kati ya shina na shina, karibu kuliko kawaida, mvua za kwanza za Machi zikishika. Ng'oeni ndago kila wiki mbili hadi matembele yafunge uso wa udongo, kama wiki ya sita hivi. Kosa tunaloliona ni kuchuma mapema mno: mtu anachuma wiki ya nne, udongo unafunuka, jua linaingia na ndago inachukua nafasi. Vumilieni, kisha mchume kwa kupunguza vichwa huku na huku, msikwangue upande mmoja wote. Kunde zinazotambaa na maboga vinafanya kazi hiyohiyo. Vitunguu na karoti msivipande kabisa kwenye tuta lenye ndago, kwa sababu majani yake membamba hayatoi kivuli chochote, na kung'oa ndago katikati ya karoti ni kung'oa karoti.

Wenye maua, miti ya matunda na njia za kupita mnaweza kufunika. Matandazo peke yake, yawe maranda, pumba za mpunga au makumbi ya nazi, hayaizuii ndago; inapita. Tandikeni kwanza maboksi yaliyoloweshwa, yakipishana sentimita 20, juu yake viroba vya salfeti vilivyofumwa, tabaka mbili, vikipishana sentimita 30, kisha makumbi au maranda sentimita 10. Salfeti isiachwe wazi, jua huisaga ndani ya miezi na mtabaki kuokota nyuzi za plastiki kwenye udongo miaka yote. Kila mwezi inueni kingo mtazame, kwa sababu ndago hutembea chini ya kifuniko ikitafuta pembeni pa kutokea.

Kwenye majani ya uani, pasipalamu au ukoka uliopandwa, msifyeke chini sana. Acheni sentimita 5. Majani yakinyolewa mpaka udongo unaonekana, ndago inafurahi, na ndiyo inayorefuka haraka kuliko wenzake siku mbili baada ya kufyeka, kwa hiyo siku hiyo ndiyo ya kuing'oa: inajionyesha yenyewe. Na punguzeni maji ya kila jioni. Mwagilieni mara mbili kwa wiki, maji mengi yazame, kuliko kulowesha uso kila siku.

Kwa mpango huu tuta halisafiki kwa msimu mmoja. Wekeni akilini misimu miwili hadi mitatu ya mvua, ya kwanza ikiwa na kazi kubwa na zinazofuata zikiwa za kukagua.

Sasa ndugu zake, kwa kasi zaidi.

Kongwa, lile la maua madogo ya bluu na shina la maji, lina hila ambayo wengi hawaijui: licha ya maua ya juu, hutoa pia maua chini ya udongo yasiyofunguka, nayo huzaa mbegu. Kwa hiyo kulikata juu kabla ya maua hakutoshi, ling'oeni na mizizi. Na kila kifundo cha shina kikigusa udongo wenye unyevu kinaota mizizi. Mtu anapalilia asubuhi ya mvua, anaacha kongwa limelala kwenye tuta, kesho limesimama. Likusanyeni kwenye karai, mlimwage kwenye sakafu ya saruji juani. Wenye sungura mna bahati, wanalila vizuri. Jambo jingine: glaifosati, dawa ya magugu tutakayoifikia mbele, hulibabua tu, mara nyingi hupona. Ukipulizia mara kwa mara magugu mengine hufa, nalo linabaki peke yake na uwanja wote.

Ukoka kwenye bustani ya mboga hutembea kwa njia mbili, juu kwa matawi yanayotambaa na chini kwa mashina meupe magumu. Kazi yake ni uma wa bustani, wakati wa kiangazi, na kuyaanika mashina juani mpaka yavunjike kwa mlio. Mashine ya kulimia ni marufuku. Kila kipande chenye kifundo ni mche. Ukishasafisha, unarudi kutoka kwenye uwanja wa majani au kwa jirani, kwa hiyo wekeni kizuizi: mtaro wa sentimita 30 na bati la zamani au matofali yaliyosimamishwa, ukingo ukitokeza sentimita 5 juu ya udongo. Usipotokeza, matawi ya juu yataruka.

Motomoto, ambayo wengine mnaiita mtimbi, inawasumbua zaidi wenye viwanja vipya vya Kigamboni na kule kuelekea Kisarawe. Ni nyasi ya majani yaliyosimama yenye ukingo mkali, na ua jeupe la manyoya kama pamba. Chini ina mashina yenye ncha kali yanayoweza kutoboa hata mhogo. Tafadhali msiichome moto. Moto unaondoa washindani wake, mashina ya chini yako salama, na baada ya wiki chache inachipua na kutoa maua kwa wingi kuliko mwanzo. Ifyekeni kila wiki tatu au nne kwa msimu mzima, kisha mfunike kwa zao lenye kivuli kizito. Haivumilii kivuli.

Mchunga mnaula, na hilo ndilo linalotuletea kigugumizi kuuita gugu. Nao hutambaa kwa mizizi ya chini na kurudi kwa kipande. Ushauri wetu ni uchumeni bila huruma, majani yote kila wiki. Mmea unaochumwa hivyo unadhoofika na jikoni mmepata mboga chungu.

Ule mtambaazi wa maua ya pinki una viazi chini ya ardhi, vingine vikubwa na virefu. Kukata ukutani hakusaidii. Fuateni shina mpaka chini, mfukue kiazi chote. Na yule anayetaka kuupanda leo kwa sababu unakua haraka, ajue ndiyo sababu hiyohiyo ya kutoupanda.

Gugu karoti tunalitaja kwa tahadhari tu. Linafahamika Arusha, majani yake yanafanana na ya karoti na maua ni meupe madogo. Mmea mmoja huzaa maelfu ya mbegu, na huwasha ngozi na kubana pumzi kwa watu wengine. Mkiliona, vaeni glavu na barakoa, ling'oeni kabla ya maua, na mtoe taarifa kwa afisa kilimo wa kata.

Tuje kwenye geti. Sehemu kubwa ya haya magugu haikutembea kwa miguu kuja kwenu. Mliyalipia. Lori la udongo mweusi wa bondeni, gunia la samadi, vipande vya majani ya uani, mche kwenye kiroba: humo ndimo ndago inamosafiri. Kabla ya kununua lori la udongo, ombeni ndoo moja. Utandazeni kwenye beseni kwa kina cha sentimita 10, mmwagilie kila siku, mahali penye joto na mwanga, wiki tatu. Mkiona ncha zenye majani matatu matatu, msinunue hata mkipunguziwa bei. Muuzaji atawaambia mteja mwingine anasubiri, mwacheni ampelekee.

Samadi ya ng'ombe hubeba mbegu zilizopita tumboni zikiwa hai, na vijiazi hukwanguliwa na udongo wa zizini. Irundikeni angalau mita moja kwa mita moja kwa mita moja, ilowesheni mpaka ukiikamua itoe tone moja mbili, funikeni kwa nailoni, na kila baada ya siku saba geuzeni ili ya nje iingie ndani. Baada ya mageuzo manne rundo lililopanda joto sawasawa limeua mbegu nyingi. Kama mkono ukiingizwa katikati hausikii joto la kuukimbiza, rundo ni dogo au kavu. Miche nayo: kabla ya kupanda, mwageni udongo wa kiroba kwenye turubai mchambue. Pasipalamu iosheni mizizi kwenye ndoo, maji mawili, ndipo mpande.

Haya, dawa.

Kwa magugu haya inayotafutwa zaidi ni glaifosati, ambayo madukani wengi huiita Roundup hata ikiwa ya kampuni nyingine. Inaingia kwa jani na kushuka chini na chakula cha mmea. Kutoka hapo mnaweza kuelewa makosa yote. Ukipulizia ndago iliyofyekwa jana, hakuna jani la kuipokea. Ukipulizia iliyonyauka kwa kiu, chakula hakishuki, na dawa haishuki. Majani yenye vumbi la barabara huifunga, maji ya matope huifunga, na maji magumu ya visima huifunga pia. Jaribuni kwa sabuni, maji yasiyotoa povu msiyatumie kuchanganyia, chukueni ya mvua au ya bomba. Mvua isinyeshe kwa saa sita baada ya kupulizia. Na kijiazi kilicholala, kisicho na jani, dawa haikifikii. Ndiyo maana hata kwa dawa mtarudia mara mbili au tatu, kila machipukizi mapya yanapofika majani matano hadi saba na kabla ya maua. Mkishapulizia, msilime kwa wiki mbili; iachieni dawa muda wa kushuka.

Kipimo cha kupulizia palipo na gugu tu, kwa dawa yenye maandishi ya gramu 480 kwa lita, ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 150 hadi 300 kwa bomba la lita 15. Lebo ikisema tofauti, fuateni lebo. Kuongeza dozi hakuongezi ushindi: jani linaungua haraka na kuacha kupeleka dawa chini. Katikati ya maua pakeni kwa brashi ya inchi moja, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji, kwenye majani ya gugu peke yake. Msiguse shina la kijani la mpapai wala machipukizi ya mgomba, maana machipukizi yameungana na mama yao. 2,4-D, ambayo huuzwa kwa magugu ya majani mapana, haiwasaidii kwa ndago, na bomba lililoibeba likitumika kwenye nyanya mtaona majani yakijikunja. Tengeni bomba la dawa za magugu peke yake.

Kuhusu usalama hatutapamba. Mwaka 2015 IARC, chombo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kiliiweka glaifosati katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya mazingira ya Marekani, hazikukubaliana nacho. Sisi msimamo wetu ni kwamba bustani ya mboga ya nyumbani haiihitaji. Uma, wavu na matembele vinatosha. Itumieni kwenye njia, kandokando ya ukuta na kiwanja ambacho hakijapandwa, kwa buti, glavu, nguo ya mikono mirefu, miwani na barakoa, asubuhi upepo ukiwa umetulia, watoto na kuku wakiwa mbali. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, msiiweke nyumbani kabisa: huunguza majani tu, vijiazi haivigusi, na mtu akiimeza haina dawa ya kuizimua. Nunueni chupa iliyofungwa, yenye usajili wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Msikubali kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au soda. Mtoto hasomi harufu.

Chumvi, dizeli na oili chafu, tunaomba tusivisikie tena. Chumvi inaua udongo kabla ya kijiazi, na wenye visima vya maji ya chumvi tayari mna ya kutosha. Siki ya jikoni huchoma jani na kuishia hapo. Maji yanayochemka yanafaa mahali pamoja tu: kwenye nyufa za pevingi, mkirudia kila wiki.

Mezani pale mbele kuna karai tatu: moja ina mnyororo wa ndago mzima, nyingine ukoka, ya tatu kongwa lenye mbegu zake za chini. Piteni mvishike, mzungushe lile shina la pembe tatu, kisha turudi kwenye viti kwa maswali. Wenye udongo wa mfinyanzi waanze, maana kazi yao ni ngumu zaidi.